Ngadu Mwenye Wanja

Kaka yangu Nassor,

Ujumbe wako nimeupata. Ukoo mzima umeupata, kuanzia shangazi wa Muscat mpaka yule binamu wa Mombasa ambaye hata sura yake siikumbuki, kwa sababu umetutumia sote kwa mpigo mmoja kwenye grupu: picha ya Al-Kaaba, mawaridi yanayometameta, na chini yake maneno, "Naelekea kuhiji, inshallah. Yeyote niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutokujua, naomba aniwie radhi." Watu wamekujibu vizuri. Amin, Mungu akutakabalie, na sisi utuombee. Mimi tu sijajibu, na najua umeona kwamba nimesoma, maana jana umeniletea alama ya kuuliza mimi peke yangu. Alama ya kuuliza, Nassor. Hata salamu hukuniwekea.

Basi jibu langu ndilo hili. Wewe umeomba mbele ya watu, nami najibu mbele ya watu, anayetaka kusoma asome. Unaondoka Alhamisi. Unataka uende mwepesi, usiwe na haki ya mtu shingoni. Mimi ni mtu, na haki yangu unayo. Lakini kabla sijasema nakupa radhi au sikupi, nataka tukumbushane, maana naona umri umekufanya msahaulifu, au umejifanya.

Unaikumbuka siku ile sokoni Woolwich, hapa London? Mimi nilikuwa bado nashikwa mkono. Wewe ulikuwa umeshaanza kuona haya kutembea na wazazi, unatangulia mbele kama hutujui. Baba alikuwa na kapu la viazi. Tulipofika kwa yule mwanamke aliyekuwa akiuza vitu vya nyumba za marehemu, vijiko, saa zilizokufa, picha za harusi za watu, baba alisimama ghafla hata nikajigonga mguuni kwake. Kwenye kamba, pamoja na mapazia ya watu, ilining'inia karatasi kubwa yenye maandishi mekundu ya Kijapani, na katikati yake kaa mkubwa kushinda jumba la ghorofa, anatoka bandarini, gando moja limeshika behewa la treni na abiria wanachungulia madirishani. Baba akacheka. Sisi tulikuwa hatujui kwamba baba hucheka kwa sauti.

"Huyu namjua!" akasema. "Huyu ngadu namjua mimi!"

Akaweka viazi chini, akalinunua lile bango la sinema. Tukiwa ndani ya basi kurudi nyumbani ndipo alipotuhadithia kwamba ujanani mwake Unguja alikuwa akikata tiketi mlangoni mwa sinema, na filamu ile iliwahi kuletwa pale. Siku ya kwanza watu wa viti vya mbele walianza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Mzee mmoja wa Malindi akapanda juu ya kiti akapiga kelele, "Jamani, si kaa huyu? Mchemsheni!" Na lilipofika onyesho la wanawake, mabuibui yalijaa mpaka mlangoni, na kulikuwa na msichana mmoja wa Vikokotoni aliyelia akisema wamwache, wasimuue, hana kosa, wao ndio waliomwamsha. Msichana huyo baadaye akawa mama yetu. Mama alikataa hadithi hiyo maisha yake yote. "Mwongo huyo babenu," alikuwa akisema, huku anacheka pembeni ya mtandio.

Baba akasema bango ni letu sisi wawili. Nakumbuka alivyosema: "La Nassor na mdogo wake. Msigombanie." Wewe ulilishika juu na mimi nikalishika chini, tukapanda nalo ngazi za fleti yetu mpaka juu, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu kama kawaida yake.

Unajua nyumba yetu ilivyokuwa. Ya Unguja hayakuzungumzwa. Kwa nini waliondoka, nani alibaki, nyumba ya babu imekuwaje: ukiuliza, baba anainuka anakwenda kutazama kama mlango umefungwa. Lakini ukimwekea mbele dubwana la Kijapani, mdomo unafunguka. Hili lililetwa mwaka ule wa mvua kubwa. Hili mashine iliungua katikati, watu wakadai pesa zao, akatoka fulani akawatuliza, na fulani huyo, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa... Na hapo tunapata jina la mtu, tunapata mtaa, tunapata harusi, siku nyingine tunapata na kifo. Ndiyo maana tukawa wakusanyaji. Wazungu wa kwenye maonyesho walidhani tunapenda sinema. Sisi tulikuwa tunamtafuta baba yetu, bango kwa bango, na wewe ndiye uliyelijua hilo kabla yangu. Wewe ndiye uliyeniambia.

Ukawa mwalimu wangu. Hilo sitalificha, hata kwa hasira hizi nilizonazo. Kila Jumapili uliyokuwa huendeshi basi tulikwenda kwenye zile kumbi za makanisa na mashule, watu wamepanga mabango mezani kama mitumba, nawe unanisukuma mbele kwa sababu ulisema wauzaji humhurumia mwanamke. Ulinifundisha kulishika bango kwenye mwanga, kulitikisa kidogo na kulisikiliza, maana karatasi ya zamani haina sauti ya karatasi mpya. Ulinifundisha kufurahia matundu ya misumari kwenye pembe, kwa kuwa bango lililotobolewa limetundikwa sinema kweli, halikuchapishwa jana kwa ajili ya kuhadaa watu. Ulikuwa ukitia pua kabisa. "Hili limelala nyumba ya mvuta kiko," unasema, na muuzaji anabaki mdomo wazi kwa kuwa ni kweli. Na mimi nikinyoosha mkono tu, unaruka: "Mikono! Mikono yako na mafuta yako ya nazi!" Mpaka leo nikishika karatasi yoyote ya maana, hata barua ya hospitali kazini kwangu, nafuta kwanza vidole kwenye sketi.

Tukayapa majina yetu wenyewe. Yule mwenye magamba na kichogo tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alifanana na mwenyekiti wa jumuiya yetu akihutubia. Yule konokono mwenye macho marefu akawa Bi Mkubwa. Lakini wa kwanza alibaki Ngadu, na wengine wote walikuwa wageni wake.

Na mama? Mama alikuwa na sharti moja tu: ukutani hapana. Chumba ni kimoja, hapohapo tunakula, hapohapo anasali, na hawezi kusujudu mbele ya kaa. Kwa hiyo yakalala ndani ya sanduku lake la Kizanzibari, lile la njumu za shaba, katikati ya kanga zake na shuka za harusi. Jumapili alasiri tunatandika mkeka, tunayatoa, baba anahadithia. Mama akitaka kusali anasema, "Mfunikeni huyo bwana." Tunamfunika kwa kanga. Akishatoa salamu, kabla hata hajainuka kwenye msala, anasema, "Haya, mfunueni, ana joto." Hukusahau hilo, Nassor. Haiwezekani ukasahau hilo.

Na mama akayatunza kama alivyojua kutunza kitu cha thamani. Muuzaji mmoja alitupa shuka za karatasi maalumu za kuweka katikati ya mabango, mama akazishika akazigeuza. "Karatasi ya kulinda karatasi? Na hiyo nani anailinda?" Yeye alifanya kama mama yake alivyozifanyia nguo zake: akayafukiza udi Ijumaa kwa Ijumaa, na akashona vifuko vidogo vya bafta, akavijaza karafuu alizoletewa kutoka Pemba, akavitia kati ya bango na bango ili wadudu wasisogee. Wadudu hawakusogea. Lakini fleti za Woolwich zina unyevu, na sanduku lilikaa karibu na hita, na karafuu ina mafuta. Jumapili moja tukamfunua Ngadu, tukakuta doa la rangi ya chai limekaa chini ya jicho lake moja, limejikunja vizuri kufuata duara la jicho.

Ulimpigia kelele mama. Ulikuwa kijana wa kuota ndevu na ulimpigia kelele mama yako kwamba ameharibu, kwamba hajui kitu, kwamba lile bango sasa halitatakiwa na mtu yeyote duniani. Mama alikaa pale kwenye mkeka anakifikicha kile kifuko vidoleni. Baba ndiye aliyeinama, akatazama doa kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mamenu kamtia wanja. Alikuwa kaa wa Japani, sasa ni kaa wa kwetu." Tukacheka wote, na wewe ukacheka mwisho. Lakini radhi hukumwomba. Nilikuwa nakutazama, nikingoja umwombe.

Baba akafariki. Mama akahamia kwangu Thornton Heath, akaja na sanduku lake, na mabango yake ndani, na karafuu zake. Wewe ukabaki Woolwich na familia yako. Tuliendelea kidogo, wewe na mimi, Jumapili moja moja. Kisha ukaanza kusikiliza mawaidha kwenye simu, ukaingia kamati ya msikiti, ukafuga ndevu, na wallahi mimi nilifurahi. Nilisema kaka yangu ametulia. Ukiona mtu anamwelekea Mola wake unamshuku kwa lipi?

Mwezi ule wa mwisho wa mama alikuwa hawezi tena kusimama peke yake. Siku moja akaniambia nimfungulie sanduku. Nikamweka kwenye kiti, nikamletea karafuu mpya, na yeye mwenyewe, kwa vidole vile vilivyokuwa vimebaki mifupa, akatoa za zamani akatia mpya, kifuko kwa kifuko. Sasa alikuwa ameshajifunza, alivifunga na karatasi ya kuokea keki kwanza ili mafuta yasipenye. Alipomfikia Ngadu alimpapasa lile doa la jicho. "Ni mzuri na wanja wake," akasema. Nilikupigia simu jioni ile nikakwambia, nawe ukasema, "Mashallah." Hilo nalo unalikumbuka.

Akafa. Tukamsitiri. Na siku ya hitima, nyumba yangu imejaa watu, wali umekwisha jikoni, nawe ukaniita pembeni karibu na sanduku. Ukasema malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye masanamu. Nikakwambia mabango yamo ndani ya sanduku, hayaonekani. Ndipo ukasema lile neno. Ukasema, "Mama yuko kaburini sasa hivi anaulizwa kuhusu hayo makaratasi. Sisi tunamkalia hapa na pilau, yeye anaulizwa. Mtue mzigo, mdogo wangu."

Mfiwa hana swali. Ungeniambia siku ile kwamba mama anaulizwa kwa sababu ya rangi ya mapazia yangu ningeyang'oa. Jumapili yake ukaja na gari la kukodi. Nikakusaidia kuyabeba, kwa mikono iliyooshwa kama ulivyonifundisha, hata kwenda kuchomwa niliona yasiende na mafuta ya nazi. Ukasema unayachoma bustanini kwa rafiki yako. Jioni ukarudisha sanduku tupu, mikono yako inanuka moshi, ukanikumbatia ukasema, "Nimeyachoma yote. Mama amepumzika." Ukalia. Na mimi nikalia. Mpaka leo najiuliza siku ile ulichoma nini.

Sasa nikwambie nilivyoishi tangu hapo, maana hukuuliza. Kila baada ya alfajiri nilimwombea mama asamehewe kwa sababu yetu. Nilimtolea sadaka. Niliondoa ukutani hata picha za shule za mwanangu Salma, akaniuliza amenikosea nini. Nilipomwota mama nilimwona amekaa na karatasi mapajani, anaulizwa na hajui kujibu. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote hajakosa sala, aliyetuambia tumfunike Ngadu kwa kanga ili aswali, mimi nilimwogopea kaburini. Hofu hiyo uliniachia wewe, ukaenda zako Woolwich, na taratibu ukaacha kuja. Nilidhani ni uchungu wa mama. Nikikupigia simu, uko kwenye kikao cha msikiti.

Njia ya mwongo fupi, Nassor, ila yako ilizunguka London nzima kabla haijanifikia.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwangu. Salma alinipeleka mjini kula, na tukitoka tukapita mtaa mmoja wa nyuma wenye maduka ya vitabu vya zamani. Mimi natembea naangalia chini nisijikwae. Sijui nini kilichonifanya niinue macho. Ndani ya duka, ukutani, ndani ya fremu na kioo, Ngadu ananitazama, na wanja wake chini ya jicho.

"Mum, are you okay?" Salma ananiuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshashika mlango.

Mwenye duka ni mzee mpole, miwani yake inaning'inia kwa uzi. Alidhani nimekuja kuuliza njia. Nikamwuliza lile doa ni la nini. Akaniomba radhi, kweli aliniomba radhi, tena kwa kitu asichokifanya yeye. Akasema pengine ni chai, wameshindwa kulitoa, na ndiyo sababu bango hili limelala kwenye droo miaka yote hii. Lilikuja na mengine mengi kwa siku moja. Mengine yaliondoka haraka, mengine yamerudi kwao Japani, lakini hili kila mtu aliliona doa akaliacha. Mwezi huu ndipo alipolitoa ili kuziba ukuta.

"Nakumbuka siku yalipokuja," akasema. "Duka zima lilinuka Krismasi."

Salma akacheka, maana yeye amekulia hapa, karafuu kwao ni keki na vinywaji vya moto vya Disemba. Mimi nikashika meza. Nikamwuliza yaliletwa na nani. Akasema hawezi kunitajia jina, ila alikuwa bwana mmoja mwenye ndevu, dereva wa basi, anayajua mabango kushinda yeye mwenyewe. Alisema baba yake alikuwa akifanya kazi sinema huko Afrika. Alisema mama yake amekufa karibuni. Na alisema hakuna mtu mwingine kwenye familia anayeyataka.

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani, mwanamke mzima na mtandio wake, nikalia mchana kweupe watu wakipita. Salma aliinama akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, ni karatasi tu." Nikamwambia si karatasi. Nikamwambia bibi yako yuko salama. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Kwa sababu hilo ndilo lililonijia kwanza, kaka, kabla ya hasira. Raha. Hukuyachoma, kwa hiyo hukuamini. Mtu anayeamini kwamba mama yake anateseka kwa kitu hakipeleki dukani. Ulijua vizuri kwamba mama haulizwi lolote. Ulilichukua kaburi la mama, bado lina udongo mbichi, ukalifanya ufunguo wa sanduku. Raha ikapita, ikabaki hasira hiyo.

Usije ukaniandikia kuhusu dhiki. Kama ulikuwa na dhiki, bangili zangu ulizijua zilipo. Ungesema, "Mdogo wangu, nimekwama, tuyauze." Ningelia, ningeyauza, ningekwenda nawe mpaka dukani nikayashike upande wa chini kama siku ile ya ngazi. Wala sikulilii Mwenyekiti wala Bi Mkubwa, wako huko waliko na wanaowapenda. Nakulilia miaka niliyomwombea mama msamaha wa kosa asilolifanya. Hiyo hairudi. Hiyo huwezi kuikuta kwenye droo ya mtu.

Na fikiria jambo moja ukiwa unafunga mizigo yako ya ihramu. Ulimwambia mama kwamba doa lile litafanya Ngadu asitakiwe na mtu yeyote duniani. Ulisema kweli. Yote mazuri yamekwenda, safi, hayana alama. Lililobaki likiningoja ni lile aliloliharibu mama. Vifuko vyake vya bafta, ulivyomtukania, ndivyo vilivyonirudishia.

Nimelinunua. Limekuja nyumbani kwa basi, Salma kashika juu na mimi nimeshika chini. Liko sebuleni, linatazama mlango. Nikitaka kusali naligeuza uso ukutani, nikitoa salamu naligeuza tena, nami namwambia, haya bwana, una joto. Harufu halina, walilisafisha. Nimeweka kifuko cha karafuu nyuma ya fremu, upande wa nje, mafuta yasifike. Picha za Salma nimezirudisha.

Sasa kuhusu radhi yako.

Kwa kutokujua nimekusamehe, yote, tangu utotoni, siku ulizonitangulia sokoni kama hunijui. Kwa kujua, hapana, si kwa alama ya kuuliza. Hiyo lazima uitaje. Uitaje wewe, kwa mdomo wako, umenikalia mbele: ulisema nini juu ya mama, na ulikuwa unajua nini ulipokuwa unasema. Ukishaitaja tutaona, mimi si jiwe. Lakini msamaha wa kitu kisicho na jina siutoi, nisije nikakusamehe kwa koti nawe umeniibia nyumba.

Unakwenda Makka, Nassor. Utapanda ndege, utatembea kwenye jua na mamilioni ya watu, utalala Muzdalifa juu ya mchanga. Kutoka Woolwich mpaka Thornton Heath kuna treni, na mabasi uliyoyaendesha mwenyewe.

Jumatano nimeomba ruhusa kazini. Nitakuwa nyumbani kutwa. Chai itakuwepo, na mkate wa kumimina, maana ukorofi wangu haujafika huko. Usipokuja, nenda salama, na Mungu akurudishe salama, hilo nakuombea kwa moyo mmoja kwa sababu sina kaka mwingine. Ila ukifika Arafa, ukiinua mikono ukamtaja mama, usimwombee kwa ajili ya makaratasi. Mwombe yeye akusamehe kwa kelele za siku ile, za karafuu. Mimi hilo siwezi kukutolea.

Na ukija, ingia tu, mlango unaujua. Kiti chako ni kile kinachoelekea ukuta wa bango. Jumatano Ngadu simgeuzi.

Mdogo wako,
wa tumbo moja na sanduku moja